Programu ya Kukagua Kiingereza: Inaijua Ritifaa, Haiwajui Wenye Mali

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama unaandika barua pepe za kawaida, maombi ya kazi na ripoti fupi kwa Kiingereza, programu hii itakufaa. Lipia usajili, endelea na shughuli zako. Lakini kama mkononi mwako hupita karatasi zenye wenyewe, yaani katiba za vyama, mikataba, wosia na mihtasari ya vikao, soma mpaka chini kabla hujabofya chochote.

Jina lake silitaji, kwa kuwa mengi niliyoyaona humu nimeyaona pia kwa wenzake. Ni moja ya zile programu zinazokaa ndani ya kivinjari na kukupigia mstari chini ya neno kila ukijikwaa. Ina toleo la bure na la kulipia. Nimetumia la kulipia.

Kazi yangu ni kunyoosha Kiingereza cha watu wengine. Wananiletea rasimu, nazisafisha, nazirudisha. Na kinachonila muda kuliko vyote si nyakati za vitenzi wala vihusishi. Ni ritifaa, kile kijimkia tunachokijua kutoka kwenye ng'ombe na ng'ambo, pale kinapokaa kwenye nomino ya wingi ili kusema mali ni ya nani.

Kwetu jambo hili halina utata. Ukisema "michango ya wanachama" umeshamaliza: wako wengi, ni mali yao, na sikio limesikia yote mawili. Mwingereza huandika "the member's contributions" kwa mwanachama mmoja na "the members' contributions" kwa wote, kisha akiyatamka hakuna anayeweza kuyatofautisha. Ongeza na "members" tupu, wingi usiomiliki kitu, mlio ni uleule. Kwa hiyo swali zito, mwenye mali ni mmoja au ni wengi, limetundikwa kwenye alama ndogo kuliko zote katika ukurasa. Hilo ndilo nililoipimia programu hii. Mambo ya mtindo, ufasaha na "sauti ya kujiamini" inayotangaza kuyajua nimeyaacha kwa wengine.

Mazuri yapo, na si ya kubeza. Nomino ambazo wingi wake hauna "s" inazijua vilivyo. Andika "childrens'" au "womens'" na mstari mwekundu hautachelewa. Maelezo yake ni mafupi na ya haki: neno hili limeshakuwa wingi, kwa hiyo ritifaa hutangulia "s". Ni "children's", ni "women's", basi. Mwanafunzi anayejifunza mwenyewe ataondoka na kitu. Vilevile inakamata vizuri ritifaa za kwenye vibao vya sokoni, ambapo mtu ameandika "tomato's" akitaka kusema nyanya nyingi tu, zisizomiliki chochote. Waingereza wenyewe kosa hilo wanalipachika kwa wauza mboga, wanaliita "greengrocers' apostrophe", na wapo wanaoandika "greengrocer's". Hata kosa lenyewe hawajaafikiana lina wenyewe wangapi!

Katika vipimo vya muda nayo naipa mkono. Mikataba ya ajira imejaa "thirty days' notice" na "two weeks' pay", na waandishi wengi huisahau ritifaa kwa kuwa siku hazimiliki notisi. Hazimiliki, ni kweli, lakini Kiingereza huzitendea kana kwamba zinamiliki. Programu inaikumbuka kila mara, na haichanganyi "one day's" na "two days'", maana tarakimu iko pale pale inaisaidia kuhesabu.

Shida inaanza tarakimu isipokuwepo.

Nilikuwa na katiba ya chama cha kuweka na kukopa. Ibara mojawapo, ikishasafishwa, ilipaswa kusema, "Upon dissolution, the members' contributions shall be refunded". Chama kikivunjwa, michango ya wanachama irudishwe. Ibara nyingine ilihusu kujiuzulu, na mwandishi alikuwa ameandika "Upon resignation, the members contributions shall be refunded", bila ritifaa. Niliziacha zote mbili bila ritifaa, kama rasimu zinavyokuja, nikaiachia programu ifanye kazi yake. Ikapiga mstari mahali panapostahili. Kisanduku kikafunguka upande wa kulia, na kwa kila ibara kulikuwa na pendekezo moja tu kwa herufi nene: "member's". Chini yake kitufe cha kijani cha kukubali. Hakuna pendekezo la pili, hakuna alama ya kuuliza.

Kwenye ibara ya kujiuzulu pendekezo hilo lina mantiki, maana anayejiuzulu kwa kawaida ni mmoja na anachukua chake. Kwenye ibara ya kuvunjwa kwa chama ni balaa. Bofya mara moja tu, na fedha zilizokuwa za wote zinakuwa za mtu mmoja asiye na jina. Na sarufi haitakuokoa, kwa sababu kisarufi zote mbili ni safi kabisa. Anayejua jibu ni aliyekaa kwenye kikao kilichoipitisha ibara ile, na programu haikuwepo. Siilaumu kwa kutokujua. Nailaumu kwa kutokuuliza. Kingetosha kisanduku chenye vitufe viwili, mmoja na wengi, mtu achague. Badala yake imekisia, na kukisia kwenyewe imekuvika rangi ya kijani.

Najua kuna atakayesema nakuza mambo. Basi amwangalie bwana mmoja wa New South Wales, Australia, aliyeandika Facebook akimsema dalali wa nyumba kwamba hawezi kulipa "his employees superannuation", yaani michango ya akiba ya uzeeni, bila ritifaa popote. Mwaka 2021 mahakama ya wilaya iliruhusu kesi ya kashfa dhidi yake iendelee. Hoja ya hakimu ilikuwa nyepesi kuifuata: kutomlipa mfanyakazi mmoja kunaweza kuonekana ni bahati mbaya, lakini kutowalipa baadhi au wote kunaonekana ni makusudi. Na neno lile, lilivyosimama bila alama, lilisomeka wingi.

Nikaiandika sentensi ile ndani ya programu. Ikanipa "employee's", umoja, bila kusita. Yaani ingemtungia mtu utetezi wake wakati haijui hata kama ndio utetezi wake.

Majina rasmi ni eneo jingine la kuwa macho. Kule Cambridge kuna chuo kinachoandikwa Queens' College, ritifaa nyuma ya "s", kwa sababu malkia waliokilea ni wawili: Margaret wa Anjou, ambaye kwa jina lake kilianzishwa mwaka 1448, na Elizabeth Woodville baada yake. Oxford nao wana The Queen's College, ya malkia mmoja, Philippa. Programu ilitaka kukigeuza cha Cambridge kiwe "Queen's". Ukikubali umemnyang'anya malkia mmoja chuo chake, na barua ya maombi ya nafasi ya kusoma imefika kwa wenyewe ikiwa na dosari kwenye mstari wa kwanza.

Lililonikera zaidi ni Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika 1986. Kwa Kiingereza ni "African Charter on Human and Peoples' Rights". Ritifaa ipo nyuma, na ipo huko kwa makusudi: "peoples" hapa si watu mmoja mmoja, ni jamii za watu, mataifa, kila moja na haki yake kama jumla. Mkataba wenyewe una ibara zinazozipa jamii hizo haki ya kujiamulia mambo yao na ya kunufaika na mali asili yao. Programu ikapendekeza "People's", kama ilivyo kwenye jina la Jamhuri ya Watu wa China, ambako umma unaotajwa ni mmoja. Hapo ndipo unapoona kwamba haisomi, inahesabu tu ni umbo gani limetokea mara nyingi zaidi huko ilikofunzwa. Anayeandika nyaraka za haki za binadamu aliingize jina hilo kwenye kamusi binafsi ya programu siku ya kwanza kabisa.

Kwa haki yake, majina ya Kiingereza yangemchanganya hata mzawa. Siku ya Mama kwa Kiingereza ni "Mother's Day", umoja, na Anna Jarvis aliyeianzisha alishikilia hivyo kwa sababu alitaka kila familia imwenzi mama yake mwenyewe, si akina mama wote kwa mpigo. Siku ya Marekani ya waliotumikia jeshi ni "Veterans Day", haina ritifaa kabisa, na wizara inayowahudumia imeeleza sababu: siku hiyo si mali yao, ni siku ya kuwaenzi. Bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani nayo, tangu ilipoundwa mwaka 1890, imekuwa ikiziondoa ritifaa za umiliki kwenye majina ya mahali, na zilizoruhusiwa ni za kuhesabu kwa vidole, Martha's Vineyard ikiwa mojawapo. Kwenye reli ya chini ya ardhi ya London, kituo cha Earl's Court kina ritifaa na jirani yake Barons Court hana. Hizi programu ilizipatia karibu zote, isipokuwa Barons Court ilitaka kukiongezea. Nimesamehe.

Sasa niingie kwenye kile kilichonifanya niandike tathmini hii.

Kuna wakati umiliki hautoshi kutajwa, lazima usisitizwe. Barua ya malalamiko, hoja ya wanachama dhidi ya uongozi, tamko la wafanyakazi: huko mwandishi anataka mwenye mali asikike. Kiingereza kina njia nzuri sana ya kufanya hivyo, nayo ni kuiweka nomino milikishi mwishoni, peke yake, bila kitu cha kumiliki nyuma yake: "The decision is the members', not the chairman's." Uamuzi ni wa wanachama, si wa mwenyekiti. Sentensi imefungwa na wenye mali wawili wakitazamana, na kilichomilikiwa kimebaki huko mwanzoni. Ina nguvu.

Programu haiiwezi. Imepiga mistari miwili. Kwa "members'" imesema nomino inakosekana baada ya kimilikishi. Kwa sentensi nzima imependekeza "The decision belongs to the members and not to the chairman". Ni sahihi, hakuna anayebisha, na imelala usingizi. Nilijaribu ukali mwingine: "These funds are the widows', every cent." Fedha hizi ni za wajane, senti kwa senti. Hapo ilitaka kuiondoa ritifaa kabisa, ibaki "the widows", na maana ikawa kwamba fedha ndizo wajane. Hakuna ufafanuzi, kitufe cha kijani tu.

Kuna jambo moja hapa ninalokubaliana nayo nusu. Ritifaa inayoning'inia mwishoni mwa neno la wingi huonekana kwa jicho tu. Ukiisoma "The decision is the members'" mbele ya mkutano, sikio linasikia "members" na linasubiri. Ndiyo maana sehemu ya pili, "not the chairman's", ni ya lazima: "s" yake inasikika, na inarudi nyuma kuifafanua ya kwanza. Mhariri wa kweli angeniambia hivyo, kwamba sentensi hii isiachwe bila mwenza wake. Programu iliona kasoro mahali sahihi ikatoa dawa isiyo yake.

Neno "own" nalo lina mkosi. "The members' own money", pesa za wanachama wenyewe. Kila nilipoliandika lilipigwa mstari wa buluu, ule wa ufupisho, na maelezo kwamba neno hili halina kazi, liondolewe. Halina kazi! Katika barua inayomuuliza mweka hazina kwa nini watu wanaombwa riba kwenye fedha walizozitoa mfukoni mwao, "own" ndilo neno lenye kazi kuliko yote. Liondoe na barua imepoa. Programu hupima ufupi, haipimi hasira, na hasira nyingine ni halali.

Umiliki wa pamoja na wa kila mtu peke yake nitaupitia haraka kwa sababu haukunipa cha kusema sana. "The chairman and the treasurer's report" ni ripoti moja ya wote wawili. "The chairman's and the treasurer's reports" ni ripoti mbili, kila mmoja na yake. Programu imezipitisha zote. Kosa halikuwepo, kwa hiyo ukimya wake ni sahihi, ingawa kwa mara nyingine swali ambalo binadamu angeliuliza halikuulizwa.

Majina ya ukoo yanayoishia na "s" ni vurugu. Nyumba ya ukoo wa Jones inapaswa kuwa "the Joneses' house", wingi kwanza, kisha ritifaa. Programu iliniachia "the Jones' house" ikapita bila neno. Kwa Jones mmoja, "Jones's" na "Jones'" zote zina wafuasi wake, na usishangae: mwaka 2006, katika kesi moja ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyolihusu jimbo la Kansas, jaji aliyeandika uamuzi wa walio wengi alitumia "Kansas'" na jaji aliyepinga akatumia "Kansas's", ndani ya hukumu ileile. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, lakini huwezi kuchagua hili, na ndilo ningelipenda. Ukurasa wa kwanza ilinipa mtindo mmoja, wa nne mwingine.

Imla ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na sina hakika inaweza kuwa vinginevyo. Unasema, yenyewe inaandika. Nikiisomea "the workers' demands" naletewa mara "worker's", mara "workers", na nadra ile niliyoikusudia. Kwa kuwa hivyo vitatu vinatamkwa sawa, kukosea kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kwa nini, baada ya kuandika yenyewe neno bila uhakika, haipigi mstari chini yake kunitahadharisha. Inaamini ilichosikia kuliko inavyoamini nilichoandika kwa vidole.

Huduma kwa wateja: wanajibu, tena kwa adabu. Niliwaandikia kuhusu Peoples' Rights na kuhusu pendekezo moja la umoja. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kunakiliwa linalokuambia ufunge kivinjari na ukifungue. La pili liliandikwa na mtu. Akakiri kwamba kanuni hiyo imepangwa kutoa pendekezo lenye uwezekano mkubwa zaidi na kuficha mengine ili kisanduku kisijae, na akanionyesha mahali pa kuizima. Nampa heshima zake, kwa sababu ukurasa wao wa matangazo hausemi hivyo.

Kwa hiyo mimi naitumia hivi. Nimeingia kwenye mipangilio, sehemu ya kanuni za alama, nikaizima ile ya vimilikishi na kuacha ya wingi usio na "s" na ya vipimo vya muda, ambazo ziko kando. Nimezima pia pendekezo la kuondoa "own". Majina rasmi nimeyaweka kwenye kamusi binafsi. Rasimu ikifika, kabla ya kuiwasha programu, natafuta kila neno linaloishia na "s" likifuatwa na nomino, na kando ya kila moja namwandikia mwenye rasimu swali moja: wangapi? Wengine hujibu papo hapo. Wengine hurudi kwenye chama kuuliza, na hapo hujulikana kwamba hata wao hawakuwa wameamua.

Nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne wataipata siku kisanduku kitakapokuwa na vitufe viwili. Angalizo kwa wanaotumia simu: toleo la simu halina sehemu ya kuzima kanuni moja moja, na kitufe cha kukubali yote kwa mpigo kipo juu kabisa ya skrini, kidole gumba kinapofika chenyewe.